Vumbi Letu Lina Bei, Sisi Ndo Tunalikimbia

Wacha niiseme mapema ndo asiyetaka kusoma aende zake: kaunti yetu inauzwa kwa baiskeli, na anayeiuza si mimi wala wewe.

Najua ushaanza kucheka. Baiskeli? Hiyo ya kubebea maji? Ngoja. Kuna baiskeli zinaitwa za changarawe. Usukani wake umepinda kama wa zile za mbio, lakini tairi ni nene, na haujazi upepo mpaka liwe gumu kama jiwe. Zimeundwa kwa barabara zile sisi tunaziita mbovu. Vumbi, kokoto, mchanga, njia ya ng'ombe, barabara ya kando ya reli. Huko nje watu wamechoka kukimbizwa na malori kwa lami. Wanatafuta njia kama hizo, wanasafiri kuzifuata, na wanalipa. Sasa niambie, kutoka Voi mpaka Salaita, mpaka Taveta, mpaka Ziwa Jipe, tuna nini kingine kwa wingi kama si hiyo?

Na wenzetu washajua. Kuna kampuni moja ya safari, sitaitaja. Mi huweka video za njia ninazopita, bure, kila mtu aone. Wiki kadhaa baada ya kuweka ile ya nyuma ya Salaita, nikaona njia ileile kona kwa kona kwa tangazo lao. Siku tatu, malazi ndani, bei kwa dola. Nikauliza kama kuna kijana wa hapa ameajiriwa kuongoza wageni. Hakuna. Fundi wao alitoka Nairobi. Chakula kilitoka Nairobi. Aliyepata kitu kwa huo msafara ni mama wa kibanda aliyewauzia maji, chupa tano.

Sina kesi nao. Barabara ni ya umma, hakuna mtu anaweza kuiba barabara. Lakini mtu anaweza kuuza kitu chako mbele ya macho yako kama wewe mwenyewe ushakubali kwamba hakina thamani. Hapo ndo shida yangu iko, na si na wao. Iko na sisi.

Njia yenyewe ni hii

Tuanze Voi. Kuna reli ya zamani inayotoka pale kwenda Taveta na kuingia Moshi. Kizazi changu hakijawahi kuipanda. Inapita Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni, inakaribia Salaita, inaingia Taveta. Kandokando yake kuna njia ya udongo mwekundu ambayo wachungaji na wanafunzi wanaitumia kila siku. Haina mlima wa kukuua, sababu treni ya makaa haikuweza kupanda mwinuko mkali, kwa hivo waliochora reli walitafuta tambarare. Yaani kazi ya kukuchagulia njia rahisi ya baiskeli ilishafanywa miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Mwatate unapita kando ya mashamba ya mkonge. Mistari mirefu, imenyooka mpaka macho yanachoka. Mkono wa kulia una Milima ya Taita imevaa mawingu, wa kushoto nyika mpaka Kasigau. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu hapo hakuna sauti isipokuwa cheni yako na ndege. Mi nimelala Mombasa, nimelala Nairobi, sijawahi kuona asubuhi kama hiyo.

Kutoka Maktau kwenda Mbuyuni unavuka Tsavo West. Hapo tutarudi, sababu hapo ndo kila mtu ananiuliza kuhusu simba. Ukishatoka upande wa pili unakiona kilima kidogo, kifupi, kimekaa peke yake kwa tambarare kama mtu anayengoja matatu. Hicho ndo Salaita. Siku mbingu ikiwa safi, nyuma yake Kilimanjaro inajaza upande mzima.

Halafu Taveta, na hapo dunia inabadilika. Nyika inakwisha ghafla, unaingia kwa ndizi. Maji kila mahali, mifereji ya kumwagilia, chemchemi za Njoro, Mto Lumi unateremka kuelekea Jipe. Ukishuka kufuata Lumi unafika kwa kinamasi, matete marefu kuliko wewe na baiskeli yako mkiwekwa mmoja juu ya mwingine. Ziwa Jipe liko nusu kwetu nusu Tanzania, na Milima ya Pare imesimama ng'ambo kama ukuta. Kuna viboko, kuna mamba, kuna wavuvi wanaopita na mitumbwi katikati ya matete. Kuna aina ya ngege inayobeba jina la hilo ziwa, haipatikani popote duniani isipokuwa Jipe na maji ya Mto Pangani. Matete yanazidi kulifunga ziwa, udongo unaletwa na Lumi, na sisi tunaenda Diani kupiga picha.

Na ukitaka kuumia, kuna milima. Voi iko kama mita 600 juu ya bahari, Vuria ina mita 2,208. Panda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, endelea mpaka Msitu wa Ngangao. Ni msitu mdogo, hekta mia na kitu tu, lakini hiyo ni sehemu ya safu ya milima ya kale inayoanzia hapa kwetu na kuendelea mpaka kusini mwa Tanzania. Kuna ndege wanaoishi kwa vipande hivi vya msitu na hawaishi mahali pengine popote duniani. Wazungu wanapanda ndege ya saa nane kuja kumwona ndege wa gramu chache. Wewe umezaliwa kilomita ishirini kutoka hapo na hujui jina lake.

Nyika, kinamasi, msitu wa mawingu. Yote kwa kaunti moja, yote kwa wikendi moja ukiwa na miguu. Sitaki mtu aniambie hapa hakuna kitu.

Hiyo reli haikujengwa kwa ajili yetu

Mkisoma historia ya Salaita mtaona Waingereza, Wajerumani na Waafrika Kusini. Sisi hatumo. Wacha niiweke vizuri.

Agosti 1914 Wajerumani waliivuka mipaka wakachukua Taveta. Waingereza wakaamua kujenga reli kutoka Voi ili wabebe jeshi kwenda kupigana. Wakaanza 1915, na katikati ya mwaka huohuo ilikuwa ishafika Maktau. Haraka ya vita. Tarehe 12 Februari 1916 wakapeleka wanajeshi wa Afrika Kusini, wageni kabisa kwa nyika hii, wakipande Salaita. Walidhani mitaro ya Wajerumani iko juu kileleni, kumbe ilikuwa chini kwenye mguu wa kilima. Askari wa Kiafrika wa upande wa Wajerumani wakawarudisha mbio. Waliokuja kuwaokoa ni Wabaluchi kutoka Uhindi, walewale waliokuwa wakidharauliwa na hao wazungu kwa sababu ya rangi yao. Upande wa Waingereza ulipoteza watu zaidi ya 130 siku hiyo, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Makaburi ya wanajeshi yako mpaka leo, Voi, Maktau, Taveta, yamepaliliwa, mawe meupe, majina yameandikwa. Sasa uliza wapagazi wamezikwa wapi. Inakadiriwa wapagazi karibu laki moja wa upande wa Waingereza walikufa kwa hiyo vita ya Afrika Mashariki, wengi kwa magonjwa na njaa, si risasi. Jina la Kariakor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar limetoka kwa kikosi chao. Kaburi lenye jina hawana. Na watu wa Kasigau, 1915, Waingereza walisema wamewasaidia Wajerumani, wakang'olewa kijiji kizima wakapelekwa Malindi. Waliobaki hai walikaa huko miaka kama ishirini kabla ya kurudi kwao.

Kwa hivo mtu akiniambia reli ya Taveta ni mali ya kale iachwe ilale, namwambia hapana. Tumeilipia. Ilijengwa juu ya migongo yetu kwa faida ya vita ya watu wengine. Sasa imelala, nyasi zimeota katikati ya vyuma, na kwa mara ya kwanza tangu 1915 tunaweza kusema inafaa kutufanyia nini sisi.

Wenzetu wamefanya. Uhispania tangu 1993 wamechukua njia za reli zilizokufa wakazigeuza njia za kijani za watembeaji na baiskeli, na sasa zimezidi kilomita 3,000. Vijiji vilivyokuwa vinakufa vimepata vibanda, vyumba vya kulala, mafundi. Hawakung'oa mlima, hawakujenga hoteli ya ghorofa kumi. Walisafisha njia iliyokuwepo wakaweka alama.

Na serikali ikiamua kesho kufufua treni, sawa kabisa, nitakuwa wa kwanza kukata tiketi. Njia ya baiskeli haihitaji kukaa juu ya vyuma. Inakaa kando, palepale wachungaji wanapopita leo.

Yale mnaniambia kila siku

"Baiskeli ni ya maskini." Hii ndo inaniuma zaidi kwa sababu inatoka kwa vijana wenzangu. Neno bodaboda lenyewe lilianza na baiskeli, mpakani Busia, vijana wakibeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Sisi tumezaliwa tukakuta pikipiki tukasahau. Taveta mpaka leo mzee anasukuma blaki mamba na mikungu ya ndizi kwa keria na analipa karo ya watoto. Baiskeli si ya maskini. Baiskeli ni ya mtu anayejua hesabu. Wewe unachukua mkopo wa pikipiki, unakimbizana na mwenye mkopo miaka miwili, mafuta yakipanda unalia, halafu unamcheka mzee ambaye hadaiwi na mtu.

"Baiskeli ni ya wazungu." Kwani wazungu walizaliwa na baiskeli? Chris Froome alizaliwa Nairobi, akafundishwa Kikuyu na David Kinjah, Mkenya mwenye rasta, kwa nyumba ya kawaida. Alipoanza kushinda Tour de France 2013, na akashinda nne zote, alikuwa anapeperusha bendera ya Uingereza. Tulimlea tukashindwa kumweka. Suleiman Kangangi alikuwa nahodha wa timu ya Amani, Mkenya halisi, na alikuwa anasema wazi kwamba Waafrika wanaweza kushindana na mtu yeyote kwa changarawe. Alikufa Agosti 2022 akishiriki mbio za changarawe Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Timu yake ndo ilishaanza kuleta ulimwengu Maasai Mara tangu 2021 kwa mbio za siku nne. Biniam Girmay wa Eritrea ameshinda hatua tatu za Tour de France 2024 na akaondoka na jezi ya kijani. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli ulifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Kigali, si Paris. Rwanda ni jirani. We bado uko hapo na "ya wazungu".

"Msichana hapandi baiskeli." Mimi ni msichana, nimetoka Voi nikafika Mwatate na kurudi kabla hujaamka. Wazee wengine wameniambia nitaharibika. Sijaharibika. Nilichoona ni kwamba mama anayetembea saa mbili kwenda zahanati, akipata baiskeli anatembea dakika arobaini. Kama hiyo ni tabia mbaya basi iongezwe.

"Ndovu watakuua." Sasa hapa tuongee kama watu wazima, sababu hii si utani. Karibu asilimia 62 ya kaunti yetu iko ndani ya mbuga za Tsavo. Tumezaliwa katikati ya ndovu. Kuna watu mnaowajua wamezikwa kwa ajili ya ndovu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya aliyeuawa ilipwe shilingi milioni tano, na nyote mnajua familia zinavyongoja, miaka inakatika. Kwa hivo sitawaambia pandeni tu baiskeli Mungu atawalinda.

Ninachosema ni hiki. Kipande cha Maktau hadi Mbuyuni kisipitwe na baiskeli. Kipite kwa gari, baiskeli juu ya pikapu, mtu alipe nauli kwa kijana wa Maktau mwenye pikapu. Hiyo tayari ni ajira. Vipande vingine viendeshwe asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne, si jioni ndovu wanapoteremka kwa maji. Kila kundi liwe na mwenyeji mmoja anayejua walipolala usiku uliopita, na anajua kwa sababu mjomba wake anachunga huko. Ukiona mavi mabichi unasimama. Ukimwona ndovu unasimama mbali zaidi ya unavyodhani inatosha, unatafuta upepo unatoka wapi, unarudi nyuma. Hakuna video. Hakuna kupita kwa kasi ili uonekane shujaa. Ujuzi huo hauuzwi dukani Nairobi. Uko kwa watu wa hapa tu, na ndo maana kuleta wageni bila mwenyeji si ubahili peke yake, ni hatari.

"Kwanza tujengewe lami." Mnaona, mi sipingi lami. Lami ya Mwatate kwenda Taveta imesaidia watu, mgonjwa anafika Voi haraka, nyanya hazioziki njiani. Lakini tumefundishwa kwamba barabara ya vumbi ni aibu, kwamba ni kitu kinachongoja kuwa kitu kingine. Kila uchaguzi mtu anakuja kutuahidi lami, tunapiga makofi. Hakuna hata mmoja amekuja akasema hizi barabara za udongo mlizonazo leo, kabla ya lami kufika, zinaweza kumlisha kijana wenu kuanzia mwezi ujao.

Hell's Gate wamejibu hili swali zamani

Msiseme ninaota. Nendeni Naivasha. Mbuga ya Hell's Gate ilianzishwa 1984, na ni kati ya mbuga chache za Kenya ambapo mtu anaruhusiwa kuingia na baiskeli na kupita katikati ya pundamilia na twiga. Matokeo yake ni nini? Kuanzia barabara kuu mpaka getini kuna vijana wamepanga baiskeli za kukodisha. Fundi yupo. Mwenye kuuza maji yupo. Waongozaji wa korongoni wapo. Wanafunzi wa Nairobi wanashuka kwa mabasi kila wikendi, na hao si wazungu, ni Wakenya kama wewe wanaolipa kwa M-Pesa.

Mbuga ile ina kilomita za mraba 68 tu. Tsavo mbili zetu ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na nje yake tuna ranchi, tuna hifadhi ya LUMO ambayo ni ya jamii tatu za wenyeji, tuna misitu, tuna maziwa mawili, Jipe na Chala. Na kijana wa Voi bado anaambiwa utalii ni kuvaa sare ya kaki ufungue mlango wa gari la mtu.

Mi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilishinda nyumbani. Nilikuwa nasoma usimamizi wa utalii, na somo zima lilikuwa hoteli na magari. Mgeni anatoka uwanja wa ndege anaingia gari, anatoka gari anaingia loji, anatoka loji anaingia gari. Mwenyeji anaonekana dirishani tu, akipunga mkono. Mtu wa baiskeli hawezi kusafiri hivo hata akitaka. Anachoka. Anasikia kiu. Anapata pancha mbele ya nyumba ya mama wa watu, anakaribishwa kimanga, anauliza jina la mlima. Pesa yake inaanguka kidogokidogo njiani, mia hapa, hamsini pale, na inaangukia watu ambao gari la watalii halijawahi kusimama kwao.

Ninachotaka, na si kikubwa

Kwanza, alama. Jiwe lililopakwa rangi kila kilomita moja au penye njia panda, kutoka Voi hadi Maktau, na kutoka Salaita hadi Jipe. Rangi na brashi. Hiyo si kazi ya tenda, usiniambie tungoje bajeti.

Pili, ruhusa zilizoandikwa. Ardhi ya reli ina mwenyewe, mkonge una mwenyewe, msitu uko chini ya Shirika la Misitu, ranchi zina wanachama. Sheria ya misitu ya 2016 inatambua vyama vya jamii vya misitu, na vyama hivo tayari vipo huku milimani. Wakae mezani, waseme baiskeli inapita hapa, haipiti pale, mwezi huu imefungwa sababu ya mvua. Masika udongo mweusi wa kule Jipe unakuwa gundi, gurudumu halizunguki kabisa, na ukilazimisha unaiharibia njia mkulima. Watu wapumzike Aprili na Mei, basi.

Tatu, na hapa sitarudi nyuma: mwongozaji wa kila kundi la kulipa awe mwenyeji. Si mapendeleo, ni masharti. Unataka kuuza Salaita kwa dola? Karibu. Lakini mbele yako awe kijana wa Mbuyuni au Mata au Taveta, na bei yake iwe imeandikwa kabla hamjatoka. Kaunti ikitaka kunifurahisha, ipitishe hilo tu. Waheshimiwa, haihitaji ziara ya kujifunza ng'ambo. Haihitaji hata posho.

Nne, ni nyinyi. Kampuni ile haikutushinda akili, ilitushinda kutoka nyumbani. Mtumba wa baiskeli nzuri Mombasa ulinigharimu elfu kumi na tano, na hiyo si ya changarawe hata kidogo, ni ya mlima, chuma kizito, gia mbili hazishiki. Inafika. Unahitaji tyubu mbili za akiba kwa sababu miiba ya migunga haina huruma, pampu, viraka, dawa ya pancha ukiweza, na maji lita tatu ukienda upande wa Maktau. Simu iwe na chaji. Kofia ngumu vaa, hata kama nywele zitalala.

Usiniambie huna mtu wa kwenda naye. Kuna sita kati yetu tayari, fundi mmoja wa soko la Voi, wawili wa Mwatate, mwalimu wa shule ya msingi na mdogo wangu. Kila tunapopita tunaandika: hapa pana kivuli, hapa mama anauza chai na mahamri, hapa mbwa mkali, hapa daraja limevunjika. Daftari la kawaida, kurasa arobaini zishajaa. Jumapili hii tunatoka Taveta sokoni saa kumi na mbili unusu, tunapanda Salaita, tunarudi kwa njia ya Lumi. Tunabeba mkebe wa rangi nyeupe na brashi mbili. Tunahitaji mtu wa kushika brashi ya pili.